Niliwashawishi wenzangu kuchangia gemu, sasa ni mwaka wa tano hatujaiona

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 31 na kinachoninyima usingizi ni gemu. Naomba usinicheke, maana kila niliyejaribu kumweleza amecheka kabla sijafika katikati.

Nilipokuwa na miaka 12 tulikuwa na gemu moja mimi na mdogo wangu. Yeye alikuwa na miaka sita. Mimi nilishika kidhibiti, yeye alikaa ubavuni akinikumbusha njia tulizokwisha kupita. Tuliimaliza usiku mmoja wazazi wakiwa wamelala. Shujaa anasukuma lango la jiwe, mwanga unampiga usoni, skrini inakuwa nyeusi, linatokea neno moja: "Itaendelea." Haikuendelea. Studio ilifungwa, jina la gemu likauzwa kwa kampuni nyingine, na kampuni hiyo ikalikalia.

Miaka mitano iliyopita baadhi ya waliotunga gemu ile walijitokeza. Walisema wamepata leseni ya kutengeneza sehemu ya pili, ila fedha hawana, wanaomba mashabiki tuchange. Shangazi, nililia. Nilichanga usiku huohuo, kisha nikakaa macho nikitazama tarakimu zikipanda. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wa wazee wa kundi letu la mashabiki, sikuishia kutoa changu. Niliwaandikia watu mmoja mmoja. Aliyesita nilimwambia: "Hesabu kama umenunua mapema, tofauti ni kwamba jina lako litaandikwa mwishoni." Zaidi ya watu 40 walichangia kwa sababu yangu. Mmoja wao ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa mwanafunzi, anaweka akiba ya kununua kompyuta. Alitoa akiba ya miezi minne.

Tuliahidiwa miaka miwili. Leo ni mwaka wa tano. Mwanzoni taarifa zilikuja kila mwezi, pamoja na michoro na vipande vya muziki. Baadaye zikawa za kila robo mwaka. Ya mwisho tuliipata miezi minane iliyopita. Wiki iliyopita wakarudi, si na gemu bali na mchango wa pili, kwenye tovuti tofauti ambako fedha zinachukuliwa hata lengo lisipofikiwa. Wanasema gemu imekamilika kwa asilimia 80.

Kundi limepasuka. Wapo wanaotaka tuchange tena ili kazi isife mlangoni. Wapo wanaowaita wezi, na baadhi yao wananitumia mimi ujumbe mkali kana kwamba fedha ziko mfukoni mwangu. Na wapo wanaosema tuachane nao, tuchangishe wenyewe, tutafute watu wa kuimalizia hadithi kwa nguvu za mashabiki. Hao wananitaka mimi niwe mshika fedha.

Mdogo wangu hajanilaumu hata siku moja. Zamani kila tukizungumza aliniuliza, "Kuna habari za gemu?" Siku hizi ameacha kuuliza. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko matusi yote.

Nichange tena? Niwarudishie watu fedha zao? Nikubali kushika mfuko? Nisaidie.

Wako,
Niliyewaingiza

*

Marahaba mwanangu. Sijacheka. Mtu aliyelibeba neno moja kwa miaka 19 hachekwi.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimesimama pale pale: "Hesabu kama umenunua mapema." Mengine yote unayojilaumu nayo, gemu kuchelewa, watu kunyamaza, kundi kupasuka, hayakuwa mikononi mwako. Sentensi hiyo ilikuwa mikononi mwako, na haikuwa kweli.

Anayenunua ana bidhaa mbele yake, ana bei na ana haki ya kudai. Anayechangia anawapa watu fedha wajaribu kutengeneza kitu ambacho bado hakipo. Chukua Kickstarter, ambako michango mingi ya namna hii imefanyika tangu tovuti hiyo ianze mwaka 2009. Lengo lisipofikiwa kwa siku zilizowekwa, hakuna anayekatwa hata senti. Likifikiwa, tovuti inachukua asilimia 5, gharama za malipo zinakula asilimia kadhaa nyingine, na zinazobaki zinakwenda kwa mtengenezaji. Tovuti haimdhamini mtu. Masharti yanamtaka mtengenezaji afanye kila juhudi inayostahili kumaliza, na akishindwa aeleze kwa ukweli fedha zilitumikaje na arudishe zilizobaki. Hayo ndiyo aliyoyapata mdogo wako kwa akiba yake ya miezi minne. Hakupata hisa, wala risiti ya gemu. Alipata ahadi ya watu kwamba watajitahidi. Ni kitu kizuri, na mimi siwezi kukidharau, lakini ni kitu kingine kabisa na ulichomwambia.

Sasa tuje kwenye kuchelewa, maana naona unakuhesabu kuwa ushahidi wa wizi, na wenzako pia. Mwaka 2015 Ethan Mollick, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwauliza makumi ya maelfu ya wachangiaji wa Kickstarter, akakuta kwamba takriban asilimia 9 ya miradi iliyofikisha lengo ilishindwa kutoa ilichoahidi. Yaani mingi inafika. Ila kufika kwa wakati ni hadithi nyingine. Katika utafiti wake wa awali juu ya miradi ya teknolojia na usanifu, zaidi ya robo tatu ilichelewa.

Sababu si ngumu kuiona ukitazama gemu ambazo mashabiki walizisubiri kama ninyi. Shenmue II ilitoka mwaka 2001 na kuwaacha watu pangoni katikati ya hadithi. Juni 2015 mtunzi wake, Yu Suzuki, alipanda jukwaani kwenye maonyesho ya gemu ya E3 na kuomba dola milioni 2 kwa ajili ya Shenmue III. Zilitimia katika muda usiofika saa 9, na mwisho wa mchango zilikuwa zaidi ya milioni 6.3 kutoka kwa watu zaidi ya 69,000. Tarehe iliyotajwa ilikuwa Desemba 2017. Gemu ikatoka Novemba 2019. Sasa fikiri: ile ya kwanza ya mwaka 1999 Suzuki mwenyewe alisema iligharimu takriban dola milioni 47. Milioni 2 hazikuwahi kuwa gharama ya kutengeneza gemu hiyo. Zilikuwa kipimo cha kuonyesha kwamba watu bado wapo. Sony walikuwa nyuma ya mradi tangu siku ile ya jukwaani, na baadaye Deep Silver wakaingia kama wachapishaji. Ndivyo malengo mengi yanavyowekwa: linatajwa kiasi kinachoweza kupatikana, si kinachotosha, na tarehe inaandikwa kabla mtu hajajua atakuwa na wafanyakazi wangapi.

Na hata hiyo Shenmue III ilipofika, hadithi haikuisha. Mashabiki waliongoja miaka 18 wakakuta "itaendelea" nyingine. Tena miezi michache kabla ya kutoka, waliotarajia kuipata kwa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliambiwa kwamba kwenye kompyuta itaanza kwenye duka la Epic peke yake. Kelele zilikuwa kubwa mpaka watengenezaji wakawapa wachangiaji nafasi ya kuomba kurudishiwa fedha. Sikuelezi haya kukukatisha tamaa. Nataka ujue kwamba hata mchango uliofanikiwa, ulioweka rekodi ya gemu kwenye tovuti hiyo kwa wakati wake, ulikuwa na siku za namna hiyo, na kwamba hakuna shabiki mmoja ambaye angeweza kuzizuia.

Kwa hiyo miaka mitano peke yake hainiambii kitu. Psychonauts 2 ilichangiwa kupitia Fig, tovuti nyingine ya michango, mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, ikatoka Agosti 2021. Katikati hapo studio ya Double Fine ilinunuliwa na Microsoft, na ununuzi huo ukawawezesha kurudisha sehemu walizokuwa wamezikata kwa kukosa fedha. Wasteland 2, mwendelezo wa gemu ya mwaka 1988, ilichangiwa mwaka 2012 ikatoka Septemba 2014, karibu mwaka mmoja baada ya ahadi, na watu waliipokea kwa furaha kubwa.

Kinachonitisha katika barua yako ni ile miezi minane ya kimya, halafu kimya kikavunjwa na bakuli la mchango.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu swali lako la kwanza linaamuliwa hapa. Mwaka 2013 Keiji Inafune, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gemu za Mega Man, aliomba dola 900,000 kwa ajili ya Mighty No. 9, gemu ya roho ileile kwa jina jingine. Akapata zaidi ya milioni 3.8. Kila lengo la ziada lilipofikiwa, ahadi ziliongezeka, na aina za konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu, ambazo gemu ingetakiwa kuchezeka zikawa nyingi mno kwa timu ile. Mwaka 2014 ukafunguliwa mchango mwingine wa kuongezea sauti za waigizaji na sehemu za ziada. Julai 2015, Mighty No. 9 ikiwa bado haijatoka, wakaja tena Kickstarter na mradi mpya kabisa, Red Ash, wakiomba 800,000. Mashabiki walikataa, mchango ukaanguka. Mighty No. 9 ilipotoka Juni 2016, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tarehe ya kwanza, wengi walisikitika. Binafsi naona yale malengo ya ziada ndiyo yaliyoizamisha, kuliko tamaa ya mtu yeyote.

Sasa iweke kando ya Bloodstained, gemu ya Koji Igarashi. Iliomba dola 500,000 mwaka 2015, ikapata zaidi ya milioni 5.5, ikaahidiwa kwa Machi 2017. Ikachelewa miaka miwili na zaidi. Lakini waliahirisha hadharani, wakasema wanaleta studio nyingine kuwasaidia, wakafuta konsoli ambazo hawakuweza kuzitimiza badala ya kuendelea kuzipigia debe. Watu walipolalamika kwamba picha si nzuri, walizifanyia kazi upya, na mwezi mmoja kabla ya kutoa gemu walionyesha hadharani malalamiko yale pamoja na marekebisho. Juni 2019 ikatoka, na hata waliokuwa wamenuna wakaicheza.

Wote wawili walichelewa. Ila mchangiaji wa Bloodstained alijua kila wakati anasubiri nini. Wewe hujui.

Hiyo "asilimia 80", kwa mfano. Asilimia 80 ya kitu gani? Ya michoro? Ya hadithi? Gemu inaweza kuwa na kila chumba na kila mhusika na bado isichezeke, kwa sababu kazi ya mwisho ya kusaka hitilafu, kusawazisha ugumu na kupitishwa na wenye konsoli ndiyo inayomeza miezi bila kuacha picha nzuri ya kuonyesha. Anayesema kwa dhati kwamba amefika mwishoni ana kitu cha kukupa ukishike: saa moja ya mchezo, hata ikiwa na kasoro. Waandikie kwa heshima, kwa jina lako, na ikiwezekana kwa niaba ya kundi. Waulize fedha za kwanza zimekwenda wapi, kwa mafungu makubwa makubwa tu. Waulize leseni waliyopewa inaisha lini, na hili usilisahau, kwa kuwa jina si lao: siku leseni ikiisha kazi yote inaweza kubaki kwenye kabati. Waulize wafanyakazi wangapi bado wapo, na kwa nini wamehamia tovuti inayochukua fedha hata lengo lisipotimia. Hili la mwisho linanikera. Kama lengo ndicho kiasi kinachohitajika kumaliza, nusu yake haiwezi kumaliza, na fedha ya aliyetoa imekwenda.

Wakijibu vizuri, toa kama unapenda, kiasi ambacho ukikipoteza hutakikumbuka. Wasipojibu ndani ya wiki mbili tatu, usitoe. Vyovyote itakavyokuwa, mwanangu, safari hii usimwandikie mtu yeyote kumshawishi. Weka majibu yao mbele ya kundi kama yalivyo, kila mtu asome.

Kuhusu kushika mfuko wa hao wanaotaka kuimalizia wenyewe: kataa. Najua wanaipenda gemu kama wewe. Lakini jina lina mwenyewe. Mwaka 2016 shabiki mmoja alitoa bure AM2R, gemu aliyoifanyia kazi karibu miaka kumi, toleo jipya la Metroid II, gemu ya kampuni ya Nintendo. Ndani ya siku chache Nintendo walidai iondolewe, ikaondolewa. Hiyo ilikuwa ya bure. Ninyi mnataka kukusanya fedha kwa jina la mtu mwingine, na siku barua ya wanasheria ikifika, itamtafuta mshika fedha.

Turudi kwa wale zaidi ya 40.

Usiwarudishie fedha wote. Najua moyo wako ungetulia, lakini ungekuwa unalipa deni lisilo lako, na ungewathibitishia wanaokutukana kwamba wewe ndiye uliyechukua. Unachodaiwa ni masahihisho. Waandikie vilevile ulivyowaandikia mwanzo, mmoja mmoja, si tangazo la kundi. Waambie: nilikuambia hii ni kama kununua mapema, nilikosea, haikuwa hivyo, na niliyasema kwa kuwa niliitaka sana hii gemu. Usiongeze "lakini". Usiwatetee watengenezaji, wala usiwashambulie ili uonekane uko upande wa wenye hasira. Anayetaka kujitoa, mwonyeshe namna ya kuwaandikia watengenezaji kuomba kurudishiwa, hata kama matumaini ni madogo, na asubiri akiwa na kumbukumbu zake: barua pepe ya uthibitisho, nakala ya ukurasa wa mchango kama ulivyokuwa siku ile, na tarehe zilizoahidiwa. Kurasa hubadilishwa, kwa hiyo nakili leo na za mchango wa pili pia.

Watakaoendelea kukutukana baada ya hapo, wazuie. Umekwisha kuwapa kilicho chao.

Mdogo wako simweki kwenye hesabu hiyo. Yeye hakushawishika na maneno yako juu ya kununua mapema. Alitoa akiba ya kompyuta kwa kuwa kaka yake ndiye aliyeomba, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anakumbuka njia. Kwake rudisha. Usimwambie ni fidia, atakataa. Mnunulie kitu anachokihitaji sasa chenye thamani ya ile akiba, au mpe mkononi na umwambie tu kwamba ulimwomba wakati hakuwa nacho. Halafu mwombe radhi kwa sauti yako mwenyewe, si kwa ujumbe.

Na hilo la kuacha kuuliza usiliogope kiasi hicho. Unadhani ameacha kukuamini. Mimi nahisi ameona namna uso wako unavyobadilika kila akiuliza, akaamua kukupumzisha. Huenda nakosea, lakini huwezi kujua ukimngoja yeye aanze. Anza wewe. Mwambie, "Hakuna habari za gemu, na nimechoka kujifanya zipo." Kisha muulize yeye anadhani kulikuwa na nini nyuma ya lile lango. Alikuwa na miaka sita, amekaa na jambo hilo miaka yote hii kama wewe, na katika barua yako yote sijaona mahali ulipowahi kumuuliza.

Niandikie akikujibu.

Shangazi yako